Chuo kinafundisha kwamba tishu tegemezi za viungo vya kinga "hushikilia tu", na mwanafunzi aliyejibu sahihi amepewa sifuri

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira, na naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniambia nipunguze jazba. Mpwa wangu anasoma mwaka wa pili wa stashahada ya maabara katika chuo kimoja hapa Tabora mjini. Wiki iliyopita alirudishiwa karatasi ya mtihani ambamo swali la 7 liliuliza kazi ya tishu tegemezi, yaani stroma, katika viungo vya kinga ya mwili. Alijibu kwamba seli za tishu hiyo ndizo zinazolea seli changa za kinga, zinazoamua zipi ziishi na zipi zife, na zinazozielekeza mahali pa kukaa. Msahihishaji alipitisha mstari mwekundu kuanzia neno la kwanza hadi la mwisho, akatoa sifuri, na pembeni akaandika: "Stroma hushikilia tu." Kwa kukosa alama 6 za swali hilo, kijana ana sapu, yaani mtihani wa marudio.

Nilimwomba anionyeshe kitini. Ni kurasa zilizotolewa kopi juu ya kopi, hata mchoro wa tezi ya limfu umebaki doa jeusi lenye mishale isiyojulikana inaelekea wapi, na chini yake kuna sentensi moja inayoifananisha stroma na gunia la mahindi. Mimi ni mteknolojia wa maabara, nimekaa kwenye hadubini miaka 19, na sentensi hiyo imeniuma. Gunia halichagui punje ipi ibaki na ipi itupwe, wakati tishu hii kazi yake kubwa ni kuchagua.

Tezi ya thaimasi, iliyo kifuani nyuma ya mfupa wa kidari, ilionyeshwa umuhimu wake mwaka 1961, pale Jacques Miller alipothibitisha mjini London kwamba panya wanaoondolewa tezi hiyo mara tu wanapozaliwa hupungukiwa sana na seli za kinga na huugua ovyo. Lakini ushahidi unaomaliza ubishi ni ule wa panya wasio na manyoya, walioelezwa mwaka 1966, ambao huzaliwa bila thaimasi kamili na kwa hiyo hukosa seli T, yaani seli za kinga zinazokomaa katika tezi hiyo. Jeni yao iliyoharibika, FOXN1, hutumika katika seli za epithelia zinazoijenga tezi yenyewe, na hizo ndizo stroma yake. Uboho wao, unaozalisha seli changa za kinga, hauna kasoro hiyo: ukiupandikiza kwa panya mwenye thaimasi nzima, seli zitokazo humo hukua zikawa seli T kama kawaida. Mbegu ni nzima, shamba ndilo bovu. Kwa binadamu pia, watoto wanaozaliwa bila thaimasi hupandikiziwa vipande vya tishu ya tezi hiyo, matibabu ambayo Marekani iliyaidhinisha mwaka 2021, na seli zinazokomaa humo ni za mtoto mwenyewe.

Mchujo wenyewe ni mkali. Seli za epithelia za tabaka la nje la thaimasi huipima kila seli T changa kama inaweza kutambua alama za mwili wake, na isiyoweza hufa. Zile za tabaka la ndani, kwa msaada wa jeni ya AIRE iliyotambuliwa mwaka 1997, huonyesha protini za viungo vya mbali, hata insulini ya kongosho, ili seli T itakayozishambulia iondolewe mapema. Wanaofuzu ni chini ya 5 kati ya kila 100. AIRE ikiharibika, mwili hugeuka na kuzishambulia tezi zake wenyewe.

Sisi tuliokulia Sikonge kati ya mizinga tulifundishwa jambo la namna hii na wazee wasioingia chuo. Yai la nyuki kibarua na yai la malkia ni yai lile lile. Kinachowatofautisha ni kijumba alimolelewa lava na chakula alichopewa na nyuki walezi. Inakuwaje mkufunzi mwenye shahada ashindwe kukubali kwamba mlezi humuumba anayelelewa?

Wapo watakaosema ni alama 6 tu. Hapana. Ndani ya tezi za limfu kuna wavu wa seli za stroma unaotoa kemikali za kuziita seli T, pamoja na IL-7 inayoziweka hai. Virusi vya UKIMWI vinapoleta uvimbe wa muda mrefu humo, wavu huo hujaa makovu, na makovu hayaondoki upesi hata dawa zikishavidhibiti virusi. Hiyo ni sababu mojawapo inayofanya CD4, yaani seli T zinazoshambuliwa na virusi hivyo, zipande kwa kusuasua kwa baadhi ya wagonjwa. Nimeshuhudia kwa macho yangu mama mmoja akifokewa dirishani kwamba hamezi dawa kwa kuwa CD4 zake hazipandi, ilhali majibu yake ya wingi wa virusi yalikuwa mezani kwangu na virusi havikuonekana. Aliyemfokea alifundishwa kwa vitini vya aina hii. Alikusanya kadi yake, akafunga kitenge, akaondoka bila neno, na mimi nilichelewa kutoka nje kumtetea, jambo ambalo hadi leo linanisumbua.

Nilikwenda chuoni na maelezo haya yote kwa maandishi. Mkuu wa idara aliyapokea, akayasoma ukurasa wa kwanza akiwa amesimama, kisha akaniambia mtihani husahihishwa kwa kufuata kitini na kitini kitapitiwa muhula ujao. Nikauliza kijana atajibu nini kwenye marudio. Hakunijibu.

Marudio ni Jumatatu. Dada yangu amemwambia mwanawe aandike "hushikilia tu" ili apite, na mimi sina uso wa kumlaumu, kwa kuwa ada anailipa yeye.