Meno ya Shangazi Mwajuma

Kikundi: UKOO WA UJIJI NA MATAWI YAKE

Jumamosi, saa 1:40 usiku

Shabani Dar: Asalaam aleykum ukoo. Shikamooni wakubwa. Nina habari njema. Meno ya mama yamepata ufumbuzi. India, siku saba tu, anarudi na meno manne ya kudumu, ya kupandikizwa, siyo haya ya kuvaa yanayoshikwa na waya. Nimeshaongea na wakala. Jumatatu natuma pesa ya kutangulia. Mwenye kuweza kugusia nauli, mlango uko wazi.

Idi Kibirizi: Waaleykum salaam. Alhamdulillah. Dada, mambo ya meno kudondokea kwenye pilau ya maulidi ndiyo basi tena 😂

Bi Mwajuma: Idi, hilo uliapa hutalisema.

Idi Kibirizi: Niliapa kwa watu wa nje. Humu ni ndani.

Zaituni: Mjomba jamani. Waya umelegea tangu Ramadhani, mama anatafuna upande mmoja. Ugali unapita. Migebuka mikavu anamwachia paka.

Hawa Kasulu: Waaleykum salaam. Shikamoo shangazi, shikamoo baba mdogo. Kaka Shabani, Mungu akulipe kwa kumwangalia mama. Naomba kuuliza kabla pesa haijatoka. Hizo siku saba ni za nini?

Shabani Dar: Za kila kitu. Ya kwanza vipimo, ya pili kupandikiza, ya sita anavikwa meno, ya saba anatembezwa mjini.

Hawa Kasulu: Hapo ndipo panaponipa wasiwasi. Kinachopandikizwa ni skrubu ya madini ya titani, inatiwa ndani ya mfupa wa taya. Mfupa unaota kuizunguka mpaka vinashikana. Taya la chini huchukua kama miezi mitatu, la juu mpaka sita. Vikishashikana ndipo kinafungwa kiunganishi, na juu ya kiunganishi linakaa jino lenyewe mnaloliona. Kwa hiyo kwa kawaida ni safari mbili. Wapo wanaotoka na meno siku ileile, ila mara nyingi hayo ni ya muda tu, na si kila taya linayaweza.

Mwalimu Kassim Tabora: Titani kushikana na mfupa kulijulikana kwa bahati. Mwaka 1952 Mswidi mmoja, Per-Ingvar Brånemark, alikuwa akichunguza mfupa wa sungura kwa kutumia kifaa cha titani. Alipotaka kukitoa, kikagoma. Mtu wa kwanza kupandikiziwa naye ni Gösta Larsson, mwaka 1965. Akafa nayo mdomoni mwaka 2006.

Idi Kibirizi: Kaka, swali halijaulizwa, umeshasahihisha mtihani.

Mwalimu Kassim Tabora: Piga hesabu, Idi. Miaka 41. Mwanangu hakatai meno. Anakataa siku saba.

Shabani Dar: Mjomba, nami sikukurupuka. Wamenipa bei, dola 550 kwa jino. Hapa Dar nimeulizia kliniki mbili, bei zao ziko juu.

Hawa Kasulu: 550 ya skrubu peke yake, au pamoja na kiunganishi na jino la juu? Maana wengi hutangaza bei ya skrubu. Ukishafika kule, mdomo umeshafunguliwa, ndipo unaambiwa vilivyobaki.

Shabani Dar: Nitauliza.

Hawa Kasulu: Na kama mfupa hautoshi? Shangazi, hayo meno uling'oa lini?

Bi Mwajuma: Mwanangu, mwaka 2009, kabla babu yenu hajafariki. Mawili ya juu nyuma, mawili ya chini.

Hawa Kasulu: Basi mfupa utakuwa umesinyaa. Jino likitoka, mfupa wake hauna kazi, unapungua taratibu. Hapo huenda waongeze mfupa kwanza, na huo nao ni gharama na miezi yake. Ya juu nyuma ndiyo yenye kesi zaidi, maana juu yake kuna uwazi wa hewa unaopakana na pua. Wakiinua sakafu ya uwazi huo ili kutia mfupa, mtu haruhusiwi kupenga kamasi kwa nguvu, na hapandi ndege mpaka daktari aliyemfanyia amruhusu. Sasa tiketi ya kurudi siku ya saba imeshakatwa…

Shabani Dar: Ujumbe huu umefutwa

Zaituni: Kaka, umefuta nini? Tumeshaona.

Shabani Dar: Niliandika kwa hasira. Miezi mitano nahangaika na jambo hili peke yangu, leo linapatikana, kila mtu amekuwa daktari.

Bi Mwajuma: Shabani. Hawa NDIYE tabibu wa meno. Tulimchangia ada sote, na wewe ulitoa. Mwache aseme.

Shabani Dar: Sawa mama. Dada Hawa, nisamehe. Endelea.

Hawa Kasulu: Hamna shida kaka. Niwape moja la kazini. Mwaka jana alikuja mzee mmoja, meno amepandikiziwa nje, nchi nisiitaje. La mbele linacheza. Nikaligusa na mpini wa kioo, likazunguka kama kizibo cha soda. Skrubu iliyo ndani ya mfupa ilikuwa imara kabisa. Kilicholegea ni kile kiskrubu cha juu kinachoshika jino, kidogo kuliko punje ya mchele. Anayeijua anaikaza kwa dakika kumi. Nikamwuliza, kadi yako iko wapi? Hana. Kampuni gani? Hajui, anakumbuka hoteli tu. Sasa kila kampuni ina bisibisi yake na vipimo vyake, ya huyu haiingii kwa yule. Mimi hapa sina hata moja. Ikabidi aende Dar, wakampiga eksirei, wakalinganisha umbo la skrubu na picha, wakajaribu bisibisi hii na hii. Kasulu mpaka Dar kwa kukaza kiskrubu.

Idi Kibirizi: Hilo nimelielewa kuliko ya sungura. Kuna bwana hapa Kibirizi alileta injini ya boti ya bei chee, jina hata fundi hajawahi kulisikia. Ikaenda vizuri mwezi mzima. Pini ikakatika, spea Kigoma hakuna, Bujumbura hakuna. Injini ipo mpaka leo, kuku wanatagia.

Zaituni: Mama asije akawa injini ya kutagia kuku.

Bi Mwajuma: Nyie watoto.

Hawa Kasulu: Baba mdogo umenisaidia. Ndiyo maana swali langu la kwanza kwa wakala ni jina la kampuni ya skrubu. Zipo kubwa zinazopatikana nchi nyingi, Straumann ya Uswisi, Nobel Biocare, Osstem ya Korea. Anayetumia mojawapo atakutajia bila kusita. Na siku ya kuondoka shangazi apewe kadi yenye jina la kampuni, aina, unene na urefu wa kila skrubu, na namba ya toleo, pamoja na picha za eksirei, za kabla na za baada. Hivyo vikae kwenye mkoba wake, visiachwe kwa wakala.

Zaituni: Dada, na wale wa Uturuki wanaorudi na meno meupe kama vigae vya bafuni? Mimi niliwatamani.

Hawa Kasulu: Wengi wa wale hawakupandikiza. Ni kofia. Jino zima linasagwa mpaka linabaki kijiti, halafu linavikwa. Jino likishasagwa halioti tena, na kofia nazo zina siku zake za kubadilishwa. Wewe Zai una meno yako yote, tulia.

Idi Kibirizi: Na mimi je? Nina pengo la siku nyingi.

Hawa Kasulu: Baba mdogo, shikamoo tena. Sigara ngapi kwa siku?

Idi Kibirizi: Nimeitwa ufukweni, mitumbwi imeingia.

Mwalimu Kassim Tabora: Amekimbia.

Hawa Kasulu: Sigara inachelewesha kupona, na skrubu zinafeli zaidi kwa mvutaji. Sukari isiyotulia nayo ni vilevile. Shangazi, sukari yako ikoje?

Bi Mwajuma: Iko sawa.

Zaituni: Mama.

Bi Mwajuma: Iko sawa sana.

Zaituni: Dada Hawa, hajapima tangu mwezi wa tatu. Na ile chai yake ya maziwa ina vijiko vitatu, nimehesabu.

Bi Mwajuma: Zaituni unanichongea kwenye kikundi? Mbele ya wadogo zangu?

Hawa Kasulu: Shangazi usikasirike. Hilo tunaanza nalo kabla ya pasipoti. Siyo ile ya kutoboa kidole asubuhi, ni kile kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili mitatu. Ikiwa juu, fizi haziponi vizuri, usaha unaingia, skrubu inatoka na mfupa wake. Na dawa zako zote ziandikwe. Za presha, za kulainisha damu kama zipo, usiache hata moja kwa kichwa chako. Je, uliwahi kuchomwa sindano au kupewa vidonge vya kuimarisha mifupa? Hizo zinaweza kufanya mfupa wa taya usipone, lazima daktari azijue mapema.

Bi Mwajuma: Sindano za mifupa hapana. Presha nina vidonge viwili.

Shabani Dar: Dada Hawa, nimeanza kukuelewa. Hata viza sikuifikiria hivyo. Ile ya matibabu ya India ya mtandaoni ni ya siku 60. Mfupa ukitaka miezi minne, ni viza ya pili, nauli ya pili, na msindikizaji naye vilevile. Jumla inaikaribia ya hapa Dar.

Hawa Kasulu: Hapo ndipo pa kupigia hesabu, kaka. Sisemi India ni wabaya, wapo mabingwa. Ila mwombe jina la daktari atakayeshika mkono, siyo la kliniki, na namba yake ya usajili. Kule husajiliwa na baraza la jimbo. Na mpango wa matibabu kwa maandishi baada ya kuona picha ya taya ya pande zote, ile ya 3D. Mtu anayekupangia skrubu nne kwa selfi ya WhatsApp amekupangia safari, hajakupangia meno.

Mwalimu Kassim Tabora: Na ikiharibika amesharudi Ujiji, nani anagharamia?

Shabani Dar: Hilo nalo naliandika. Namtumia wakala maswali yote usiku huu.

Jumapili, saa 4:15 asubuhi

Zaituni: Mwakeye ukoo. Kaka, kajibu?

Shabani Dar: Kajibu. Subirini niwawekee hapa. "Mwambie mama asiwe na wasiwasi kabisa, madaktari wetu ni wa kimataifa, hoteli ni ya nyota nne na kifungua kinywa kimo kwenye bei."

Bi Mwajuma: Tumemwuliza skrubu inaitwaje, anatujibu mayai na mkate?

Idi Kibirizi: Kifungua kinywa atakifungua na nini sasa, mdomo umeshonwa nyuzi 😂😂

Mwalimu Kassim Tabora: Bei ya jino zima?

Shabani Dar: Kimya. Tiki mbili za bluu. Ya kutangulia sitaituma.

Bi Mwajuma: Mwanangu Shabani, usione haya. Ulinitafutia, Mungu kakuona. Hawa, nifanyeje mimi huku nikisubiri? Huu waya unanichoma ulimi.

Hawa Kasulu: Shangazi, Jumatatu nenda na Zaituni ukapime sukari, majibu nitumie. Ijumaa nakuja Ujiji, waya naukaza mwenyewe, na waya ukikataa kushika nachukua kipimo cha kukutengenezea mapya ya kuvaa. Yakikaa vizuri, huenda skrubu usizitake tena. Ukizitaka, tunapiga picha ya taya Dar kwanza, hiyo picha ndiyo tunawatumia wa Dar na wa India, kila mmoja aseme bei yake yote na miezi yake yote.

Shabani Dar: Picha ya taya juu yangu.

Idi Kibirizi: Nauli ya Dar nusu juu yangu. Dagaa zikishuka bei msinidai.

Bi Mwajuma: Ahsanteni wanangu. Zaituni, Jumatatu saa ngapi?

Zaituni: Saa moja, mama. Bila chai.

Bi Mwajuma: Hata ya rangi?

Hawa Kasulu: Kipimo hiki hakitaki njaa, shangazi. Kunywa chai yako. Sukari tu ndiyo iache.

Bi Mwajuma: Sasa hiyo ni chai?