Mala ya bibi imenimwagikia dukani, shanga zimebaki 107

Fundi Uzi, Mombasa

Wadau, habari za jioni. Mimi kazi yangu ni kutunga: mikufu, vikuku, tasbihi, hata rozari. Wiki hii bibi mmoja wa Kigujarati, tunamwita Ba kama wajukuu zake wanavyomwita, ameniletea mala yake ya mti, yaani tasbihi ya Kihindu. Uzi umeoza. Akaniambia, "Mwanangu, badilisha uzi tu, shanga usizioshe." Nilipokata fundo la kwanza uzi wote ukaachia, shanga puu! Nyingine zikakimbilia chini ya cherehani ya jirani.

Nimepapasa kwa tochi hadi magoti yakauma. Nimehesabu mara tatu: 107, na ile kubwa yenye kishada. Najua zilikuwa 108. Ninayo shanga ya mninga, ukubwa ule ule, rangi karibu sana. Nikiisugua kidogo, mimi mwenyewe sitaitambua. Anakuja Jumamosi. Nitie ninyamaze? Na hiyo 108 ya nini, mbona tasbihi zetu ni 33 au 99?

Mtoto wa Kisutu

Fundi, usithubutu! Hiyo si mbao ya kuchagua rangi. Kama Ba wako ni Mvaishnava, yaani watu wa Vishnu na Krishna, bila shaka hiyo ni tulsi. Tulsi ni mmea wa ukoo mmoja na huo mrihani mnaotia kwenye vikuba. Nyumbani kwetu Dar ulikuwa kwenye chungu uani, na mama alikuwa akiutilia maji asubuhi kabla hajanywa chai. Kumtilia mninga kimyakimya ni sawa na mtu akujazie chupa maji ya bomba akakwambia ni Zamzam.

Halafu unadhani hatajua? Bibi yangu alikuwa akiivuta ndani ya mfuko wa kitambaa uitwao gomukhi, maana yake mdomo wa ng'ombe. Haioni, anaigusa tu. Kidole gumba na cha kati ndivyo vinavyofanya kazi. Cha shahada hakiigusi mala, kinakaa kando. Kila shanga, mantra moja, yaani maneno ya dua yanayorudiwa. Akifika kwenye ile kubwa, meru, haivuki: anaigeuza mala na kuanza kurudi alikotoka. Vidole vya miaka arobaini vinaijua kila shanga.

Niliyesoma Agra

Kuhusu 108 utapewa sababu nyingi. Inayonikaa mimi ni ya nyota. Falaki ya Pwani ina vituo vya mwezi 28, Wahindu wanahesabu 27, na kila kimoja kina robo nne. Piga hesabu. Wengine watakwambia ni sayari 9 mara buruji 12. Ndiyo maana kuna mala fupi za 54 na za 27.

Nikiwa mwanafunzi nilikwenda Vrindavan, mji wa Krishna ukingoni mwa mto Yamuna. Soko la Loi lina maduka yamejaa mala mpaka darini. Tulsi mpya ni nyeupe-nyeupe. Huo ukahawia wa ya Ba umetoka mkononi mwake, ndiyo maana amekukataza kuziosha. Na ule ni mmea mdogo, kwa hiyo ukiona shanga ya "tulsi" nene kama gololi, tia shaka. Wafuasi wa Hare Krishna wanaoshika kiapo huzunguka mala mara 16 kwa siku, mantra 1,728. Uzi gani usioze?

Tasbihi Unguja

Mimi niseme ya ufundi tu. Usitie mshipi wa samaki, unakata tundu na fundo halikai. Tumia uzi wa pamba uliosokotwa, funga fundo baina ya shanga na shanga. Siku ukikatika itaanguka moja, si zote. Na ziangalie ukubwa: mala nyingine huanza na kubwa kando ya meru, zinapungua hadi ndogo kabisa upande wa pili.

Fundi Uzi, Mombasa

Ahsanteni. Jumamosi nimemwambia ukweli kabla hajakaa. Hakuuliza imepoteaje. Aliuliza, "Umepitisha ufagio?" Nikasema hapana, Ba, nimepapasa kwa mkono. Akanyamaza, kisha akamtuma mjukuu nyumbani. Kijana akarudi na kibiriti, ndani mna shanga sita za kanthi, ule mkufu wa tulsi wa shingoni, ya marehemu mumewe. Akazipitisha vidoleni macho amefumba, akachagua moja. Ni ndogo kuliko zote, kwa hiyo nimeiweka ya mwisho kabla ya meru. Mafundo yamenichukua saa tatu, na yeye amekaa hapo hapo kwenye kiti cha wateja akinihesabia kwa Kigujarati.

Ile ya kwake bado sijaiona. Jirani wa cherehani ameahidi hatafagia upande ule mpaka nimalize kutafuta.