Waandishi wa riwaya za upelelezi, koti la mvua halitoshi!

Wakuu, mwezi huu nimeweka chini riwaya ya tatu bila kuimaliza, na safari hii siwezi kunyamaza. Mpelelezi wa kujitegemea ameketi ofisini usiku, pama imemfunika macho, chupa ya wiski imo katika mtoto wa meza, nje mvua inanyesha, mara anaingia mwanamke mrembo mwenye siri. Mambo hayo nayapenda, tena sana. Ndiyo maana inaniuma kuona mwandishi ameyapanga mbele yangu kama vyombo vya kabatini, asikipe hata kimoja kazi.

Mvua ndiyo inayoonewa kuliko vyote. Katika The Big Sleep, riwaya ya Raymond Chandler ya mwaka 1939, mpelelezi Marlowe anaivizia nyumba akiwa ndani ya gari huku mvua ikinyesha, na nuru kali inapomulika, ukelele wa mwanamke ukafuata, kisha risasi, yeye bado yuko nje. Mvua hiyo inamtenga na tukio, nasi tunatengwa pamoja naye. Katika kitabu nilichokitupa juzi, mvua imenyesha mwanzo hadi mwisho, lakini hakuna aliyeteleza, hakuna alama ya kiatu iliyofutika, wala shahidi aliyeshindwa kusikia.

Kuhusu mwanamke hatari, hasira yangu ni kubwa zaidi. Dashiell Hammett, aliyekuwa mpelelezi wa shirika la Pinkerton kabla ya kushika kalamu, alituletea mwaka 1930, katika The Maltese Falcon, mteja anayeanza kwa kutoa jina la uongo, mwenye tamaa yake na hesabu zake, ambaye mwishowe anakabidhiwa polisi na mpelelezi yuleyule aliyevutiwa naye. Ukiuondoa uongo wake, riwaya nzima inaanguka. Wa siku hizi anaelezwa midomo na viatu kwa aya mbili, halafu anasaliti watu bila sababu yoyote, jambo ambalo ni dharau kwa mhusika na kwa msomaji aliyetoa fedha yake.

Hata polisi mla rushwa alikuwa na asili. Marekani ilipiga marufuku biashara ya pombe kuanzia 1920 hadi 1933, magenge yakatajirika na askari wakalipwa wafumbe macho. Waandishi wa mwanzo waliandika waliyokuwa wakiyaona. Leo naambiwa tu kwamba mkuu wa polisi amenunuliwa, bila kuelezwa na nani, wala ili afiche nini.

Na yule mpelelezi anayepigwa rungu la kisogo katika sura ya nne, kisha katika sura ya tano anakimbiza watu juu ya mapaa bila hata kuumwa kichwa, naomba mwandishi wake anijibu: kipigo kile kilikuwa cha nini?