Kwa nini wanasiasa wa Marekani wanagombania hela za kufundishia watoto kusoma? Naomba kueleweshwa

Shangazi_K aliandika:

Habari zenu wakuu. Kuna jambo linaninyima raha wiki ya pili sasa, na najua humu ndani kuna walimu na watu wa sheria, naomba mnieleweshe taratibu.

Kaka yangu anaishi Wisconsin, kule Marekani, na kabinti kake kadogo kako darasa la pili. Kila Jumapili tunapigiana video na huwa kananisomea kitabu. Jumapili ya juzi kalikuwa na kitabu chenye picha ya farasi mdogo, chini yake imeandikwa "pony", kenyewe kakasema "horse" bila hata kusita. Nikamwomba wifi aifunike ile picha kwa kiganja halafu kasome tena. Jamani, kakanyamaza. Kakabaki kanakitazama kile kiganja cha mama yake. Nikakauliza mbona husomi, kakanijibu shangazi sasa picha siioni, nitajuaje imeandikwa nini?

Niliumia sana. Wifi anasema ndivyo walivyofundishwa shuleni, ukikwama angalia picha, angalia herufi ya kwanza, kisha fikiria neno gani linaleta maana. Nikaanza kutafuta habari, nikakuta kumbe jimbo hilo hilo lilitunga sheria mwaka 2023 ya kubadilisha ufundishaji wa kusoma, zikatengwa dola milioni 50, halafu gavana na bunge wakapelekana mahakamani kwa ajili ya hizo hela mpaka 2025. Miaka miwili! Kabinti kenyewe wakati huo kalikuwa chekechea.

Sasa waligombania nini hasa, maana kila upande unasema unataka watoto wasome? Na hii ni mara ya kwanza au ndio kawaida yao?

Wakili_Bajeti alijibu:

Pole dada. Hiyo kesi nimeifuatilia, ngoja nijaribu kuirahisisha.

Sheria yenyewe inaitwa Act 20, gavana Tony Evers wa Democratic aliisaini Julai 2023, na bunge la jimbo lilikuwa mikononi mwa Republican. Kwenye maudhui walielewana. Watoto wa madarasa ya chini wapimwe mapema, walimu wafundishwe upya, wapatikane makocha wa kusoma wa kwenda mashuleni, na ile staili ya kukisia kwa picha uliyoiona kwa mtoto ikapigwa marufuku kabisa. Shida ilikuwa kwenye mfuko. Zile milioni 50 hazikupelekwa idara ya elimu ya jimbo, ziliwekwa chini ya kamati ya fedha ya bunge, kwa hiyo idara ilikuwa na kazi ya kufanya lakini ufunguo wa sanduku alikuwa nao mtu mwingine.

Ukaja muswada wa pili, mwanzoni mwa 2024, wa kufungua akaunti ambazo hizo hela zingepitia. Evers akausaini lakini akafuta baadhi ya maneno ili idara iwe huru zaidi kuzitumia. Gavana wa Wisconsin ana mamlaka makubwa ya kufuta vipande vya muswada, ila ni kwa miswada inayotoa fedha tu. Bunge likasema huu hautoi fedha, unafungua akaunti tu, umevuka mipaka. Wakaenda mahakamani, na tarehe 25 Juni 2025 majaji wote wa Mahakama ya Juu ya jimbo wakakubaliana na bunge.

Kisheria naona mahakama ilikuwa sahihi, nasema hivyo japo roho inaniuma, kwa sababu ukisoma ile hukumu yote ni mjadala wa maana ya muswada wa fedha, na muda wote huo hela zimekaa kwenye kamati.

Na ugomvi haukuwa wa hela peke yake. Kulikuwa na orodha ya mitaala ambayo wilaya za shule zikiinunua zinarudishiwa nusu ya gharama. Baraza la wataalamu lilipendekeza minne, idara ya elimu ikataka orodha ndefu zaidi, kamati ya fedha ikapitisha ile minne. Hapo ndipo utaona kinachogombaniwa kwa kweli, nani ana haki ya kuchagua kitabu kitakachowekwa mbele ya mtoto.

ticha_wa_darasa_la_pili alijibu:

Shangazi_K mimi ni mwalimu wa madarasa ya chini mwaka wa kumi na tisa huu, na hicho ulichokiona kwa kiganja nimekiona mara nyingi mno kwa watoto wanaoanza kusoma Kiingereza. Mtoto wa namna hiyo anaonekana anasoma vizuri mpaka siku vitabu vinapoisha picha, kuanzia darasa la nne hivi, hapo ndipo mzazi anashtuka, na wakati huo mtoto ameshajiona hana akili.

Sisi kwa Kiswahili tuna bahati. Ukishamfundisha mtoto ba be bi bo bu, neno lolote atalifungua, hata asilolijua maana. Kiingereza sivyo, chukua "though", "through" na "tough", herufi karibu zile zile na sauti tatu tofauti kabisa, kwa hiyo sauti za herufi lazima zifundishwe moja baada ya nyingine kwa mpangilio. Sasa kuna walimu wengi waliofundishwa vyuoni kwamba mtoto akizungukwa na vitabu vizuri atasoma tu kama alivyojifunza kuongea, na hawa sio watu wabaya, wanawapenda watoto. Lakini kuongea mtoto anazaliwa na maandalizi yake, kusoma hapana.

Kuhusu swali lako la pili, hapana, sio mara ya kwanza. Mwaka 2000 jopo la kitaifa la kusoma lilitoa ripoti iliyotaja mambo matano, utambuzi wa sauti, uhusiano wa herufi na sauti, kusoma kwa ufasaha, msamiati na ufahamu. Januari 2002 George W. Bush akasaini sheria ya No Child Left Behind na ndani yake ikawemo programu ya Reading First, karibu dola bilioni 1 kila mwaka kwa watoto wa chekechea mpaka darasa la tatu kwenye shule za watu maskini. Sharti lilikuwa ufundishaji utokane na utafiti wa kisayansi. Mimi nikiisoma ile programu leo naona ilikuwa na kichwa kizuri sana.

Sasa sikia ilivyoharibikia. Septemba 2006 mkaguzi mkuu wa wizara ya elimu ya shirikisho akatoa ripoti kwamba maofisa walipanga majopo ya kukagua maombi ya majimbo ya kupewa hizo hela, yakajaa watu wenye uhusiano na programu fulani fulani, migongano ya maslahi haikuangaliwa inavyotakiwa, na majimbo yalisukumwa kuchagua vitabu vya aina fulani wakati sheria inakataza wizara kuchagulia shule mtaala. Barua pepe za mkurugenzi wa programu zikatoka hadharani zikiwa na lugha chafu dhidi ya wenye mtazamo mwingine, naye akaondoka kipindi hicho hicho. Democratic walipochukua Kongresi 2007 wakafanya kikao cha kuhoji, na bajeti ya 2008 ikakatwa kutoka bilioni 1 mpaka kama milioni 393. Mwaka uliofuata sifuri.

Linaloniumiza mimi ni kwamba waliofanya makosa ni watu wazima ofisini, aliyenyang'anywa kocha wa kusoma ni mtoto wa miaka saba. Mkosaji angeondolewa, hela zikabaki.

Halafu shangazi, jimbo hilo hilo la mpwa wako lina kisa chake humo. Wilaya ya shule ya Madison mwaka 2004 iliachia kama dola milioni 2 za Reading First kwa sababu haikutaka kubadilisha namna yake ya kufundisha.

msomaji77 alijibu:

Ticha heshima yako, ila mbona umeruka utafiti? Serikali yenyewe ilifanya tathmini ya Reading First, matokeo yakatoka 2008, ikaonekana kwenye ufahamu watoto wa shule zilizopata hela hawakuwazidi wenzao. Hiyo ni hela ya mlipa kodi, mabilioni. Mimi kama mbunge ningekata pia. Na hao Madison nawaelewa, mwalimu aliyesomea kazi yake asiagizwe na ofisi iliyo mbali akasome mistari kutoka kwenye karatasi.

ticha_wa_darasa_la_pili alijibu:

msomaji77 hujakosea, ule utafiti upo na nilipaswa kuutaja. Ila angalia na haya. Kwanza bajeti ilikatwa Desemba 2007, matokeo yakatoka 2008, kwa hiyo sio utafiti uliokata hela. Pili, ripoti ya mwisho ilikuta watoto wa darasa la kwanza waliongezeka kwenye kufumbua maneno, na kwa mtu anayefundisha darasa la kwanza hilo sio dogo hata kidogo. Tatu, shule za kulinganishia hazikuwa zimefungiwa, walimu wao nao walikuwa wanapata semina na vitabu vya aina hiyo hiyo kwa njia nyingine, kwa hiyo tofauti lazima ipungue. Na ufahamu unataka mtoto awe na msamiati na awe anaijua dunia, hivyo havijengwi kwa miaka miwili.

Kuhusu mwalimu kuagizwa nakubaliana nawe nusu. Mimi mwenyewe nimeshawahi kupewa kitabu cha mwalimu chenye kila sentensi ya kusema, nikaona watoto wanasinzia. Lakini uhuru wangu wa kufundisha unaishia pale mtoto wa mtu anapofika darasa la nne hawezi kusoma neno bila picha.

Kalamu_Nyeupe alijibu:

Niongezee kidogo, maana mkisoma hivi mtadhani hakuna mahali pamewezekana. Mississippi mwaka 2013 ilikuwa jimbo la 49 kwa kusoma darasa la nne kwenye mtihani wa kitaifa wa NAEP. Mwaka huo wakapitisha sheria, walimu wakafundishwa upya, makocha wakapelekwa shule zenye hali mbaya zaidi, mtoto wa darasa la tatu asiyeweza kusoma akawa anarudia darasa. 2024 wakawa wa 9. Na ni jimbo maskini, gharama ni kama dola milioni 15 kwa mwaka. Wapo wanaosema kuwarudisha watoto darasa kunapamba alama, na hoja hiyo haifai kudharauliwa, lakini kupanda kutoka 49 mpaka 9 siamini ni kwa kurudisha watoto tu. Ninachokiona mimi ni kwamba hela ilikuja kila mwaka, wala haikuwa nyingi. Bilioni 1 ya kila mwaka kwa miaka sita, kama ile ya Reading First, ikikatika ghafla inamwachia mwalimu kitabu bila mtu wa kumwonyesha namna ya kukitumia.

Na kwa wanaodhani mahakama ni njia ya mkato, wanafunzi wa Detroit walifungua kesi 2016 wakidai haki ya kufundishwa kusoma. Makubaliano yakafikiwa 2020, na jimbo la Michigan likapitisha zile dola milioni 94.4 mwaka 2023. Aliyekuwa darasa la kwanza siku kesi inafunguliwa, hela inapitishwa yeye anaingia la nane.

Shangazi_K alijibu:

Asanteni sana, sasa nimeelewa, na huyo mtoto wa Detroit amenitoa machozi. Wakili, nifanye nini na huyu wa kwetu? Kaka anasema asubiri tu shule ibadilishe mtaala.

Wakili_Bajeti alijibu:

Asisubiri dada. Hiyo Act 20 inataka mtoto apimwe na mzazi apewe matokeo kwa maandishi. Wifi aende shuleni na maswali mawili tu, binti kapimwa lini na alama zake ziko wapi, na mtaala wa kusoma unaotumika darasani kwake unaitwaje. Kama alama ziko chini, shule inatakiwa imwandalie mpango wake binafsi wa kusoma. Hayo yako kwenye sheria bila kujali ugomvi wa hela uliishaje.

ticha_wa_darasa_la_pili alijibu:

Na Jumapili ifunikeni picha tena, ila kwa upole, isiwe mtihani. Mwambie akuambie sauti moja moja, p, halafu o, halafu n, aziunganishe. Akifika kwenye "y" ya mwisho atakwama, maana hapo inatamkwa kama "i" yetu, mwambie tu usimfiche. Dakika kumi zinatosha, akichoka muache, kisha msomee wewe kitabu kingine chote apumzike.

Shangazi_K alijibu:

Wifi anaenda Jumatano, nimemtumia hayo maswali mawili kayaandika. Na kile kitabu cha farasi nimemwambia asikirudishe maktaba kwanza.