Mama wa kijana aliyekamatwa ameniomba nimdhamini. Nifanyeje?

FundiWaKayole
Hamjambo ndugu zangu. Mimi ni fundi cherehani hapa Kayole, Nairobi. Mwaka wa nne sasa najitolea kuwasaidia wakimbizi, wengi ni Wakongo kutoka Kivu, kwa mambo ya karatasi na polisi. Silipwi. Nauli yangu, salio la simu langu.

Juzi saa tano usiku nikapigiwa. Kijana wa miaka 19 ameshushwa kwenye matatu, kitambulisho chake cha mkimbizi kimeisha muda. Alishaomba kingine, na karatasi ya kusubiria anayo, ila ameikunja mara nane akaitia nyuma ya simu, muhuri ukafutika kwenye mikunjo. Askari wa zamu akasema hausomeki. Nilikaa kwenye benchi mpaka saa nane, na nyumbani sketi ya mteja ilikuwa inangoja zipu.

Mahakamani amepewa dhamana ya shilingi 20,000 na mdhamini mmoja. Mama yake ameniomba nisimame. Nina cherehani mbili na kitambulisho cha Mkenya, basi. Mtaani wanasema napokea dola za mashirika, kwa hiyo nikikataa nitaonekana bahili. Lakini kinachoniuma si maneno ya mtaa. Mwaka jana nilipolazwa, huyu mama alikuja na sombe kwenye hotipoti, akakaa nami hadi nikala. Nitamwangaliaje?

Msaidizi_wa_Sheria
Pole, dada. Usitie sahihi kwa huruma. Kijana asipofika mahakamani, zile 20,000 utadaiwa wewe. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 inamtaja mkimbizi waziwazi kati ya wanaoweza kuombewa wakili wa serikali, kwa hiyo mpeleke mama aombe. Wakili naye amwombe hakimu alegeze masharti. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka masharti ya dhamana yawe ya kadiri. Na watu wako wote wapige picha karatasi zao leo, kabla hazijakunjwa.

Nilichoka
Nilijitolea kambi ya wakimbizi ya Kakuma mwaka mmoja nikaacha. Simu za usiku ndizo zilizonimaliza. Tafuta mwenzako mpokezane zamu, la sivyo utaacha kama mimi, na hao watu watabaki bila mtu.

Binti_Eastleigh
Dada, wakati wa msako wa polisi wa 2014 watu wengi wa huku kwetu walizuiliwa uwanja wa Kasarani, kaka yangu akiwemo. Kulikuwa na mwanamke amesimama nje ya geti na daftari la shule, anaandika majina na namba za simu za jamaa. Hakuweza kumtoa mtu. Alimpigia tu mama yangu akamwambia, "Mwanao yuko hapa, ni mzima." Mama alikuwa na siku mbili hajalala. Usiku huo alilala. Mpaka leo humtaja kwenye dua, na jina lake hatulijui.

FundiWaKayole
Asanteni. Binti, nimesoma yako mara tatu.

Jioni nimekwenda kwa mama, nikamweleza kwa nini siwezi kumdhamini, na kwamba kesho saa mbili tunaenda pamoja kutafuta wakili. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza nauli mpaka mjini ni pesa ngapi, kesho anilipie yeye.