Tupeane uzoefu: Jenerali wako mpya aliwahi kufa ghafla bila sababu kueleweka?

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za humu.

Nina kampeni ya Medieval II: Total War, gemu ya kompyuta ya vita, nachezea Uingereza kwenye modi moja (gemu iliyobadilishwa na wachezaji) ambayo sitaitaja jina. Nikishinda pigano kwa jeshi linaloongozwa na kapteni tu, mara nyingine gemu inaleta ule ujumbe wa kumpandisha cheo awe jenerali na kumwingiza kwenye ukoo wa mfalme. Nakubali. Anapata picha, anapata walinzi wake wa farasi. Nabonyeza kumaliza zamu. Zamu inayofuata naletewa taarifa ya msiba.

Siyo wote. Wengine wanadunda mpaka wanazeeka. Ila kuna hawa wanaoondoka zamu ileile waliyopewa cheo, na sababu haitajwi. Hakuna tauni. Hakuna taarifa ya muuaji aliyefanikiwa wala aliyekamatwa. Wa mwisho alikuwa katikati ya pori, adui wa karibu yuko mbali zamu kadhaa. Nikarudisha sevu (gemu niliyoihifadhi) nikamwacha palepale, akafa. Nikarudisha tena nikamwingiza ngomeni, akafa. Bahati mbaya huwa inabadilika ukirudia, hii haibadiliki.

Tupeane uzoefu, gemu yoyote ile. Alikufaje, na ulikuja kujua sababu au limebaki fumbo?

#2

Papa huyo, mkuu. Kwenye Medieval II ya kawaida bila modi yoyote, mimi majenerali wangu wapya walikuwa wanachomwa moto na wale mahakimu wa Papa wanaozunguka kuwinda wazushi. Wakuu wengi wanawachukulia kama mapambo kwenye ramani. Yule mtu akikuta jenerali wako ana uchaji mdogo, anamfungulia kesi, na kesi ikimwelemea ndiyo basi tena. Kapteni aliyetoka kupandishwa jana hajajenga kanisa hata moja, hajatawala mji wowote, kwa hiyo akisimamishwa mbele ya hakimu hana cha kujitetea.

Nilichofanya: niliacha kabisa kumchokoza Papa, na kila jenerali mpya nikawa namtuma kwanza akawe gavana kwenye mji unaojengwa kanisa. Wanaanza kupata zile tabia za uchaji taratibu. Halafu ukiona hakimu anasogea upande wako, hamisha watu. Usiseme atapita tu.

#3 Mleta mada

Hilo nililifikiria, mkuu, lakini ukichomwa kwa uzushi gemu inakwambia wazi na picha ya moto juu. Huyu wangu nimeambiwa amefariki tu, kama mzee aliyelala akapitiliza.

#4

Si umri? Kapteni naye anaweza kuwa mtu mzima.

#5

Umri tuuondoe mezani. Kampeni ya kawaida inaanza 1080 na kuishia 1530 kwa zamu 225, yaani kila zamu ni miaka miwili, lakini wahusika hawazeeki hivyo. Wao wanaongeza mwaka mmoja kila baada ya zamu mbili. Ndiyo maana unamkuta mfalme mmoja anatawala muda ambao kwa kalenda ungetosha watawala kadhaa. Kama mtu wako aliandikwa ana miaka ishirini na kitu, alikuwa na zamu chungu nzima mbele yake.

Uzoefu wangu ni wa Rome: Total War, ile ya 2004. Kule aliyekuwa ananiulia majenerali ni jasusi. Tauni ikiingia mjini, kila anayekaa humo anaweza kufa, majenerali wakiwemo, na jasusi anaibeba tauni akitoka anaipeleka mji mwingine. Sisi wachezaji tunaijua hiyo hila, tunawatumia maadui zetu majasusi wagonjwa makusudi. Sasa mimi nilikuwa na jasusi mmoja wa kulinda miji, nilimzungusha mji hadi mji ili anase majasusi wa adui. Jenerali mpya anatoka vitani, anaingia mjini kuongeza askari, zamu mbili tatu kazikwa. Ukifuatilia njia aliyopita jasusi yule ramani nzima, misiba imejipanga foleni nyuma yake.

#6

Hahahaa #5, yaani ulikuwa umeajiri malaika wa mauti na mshahara unamlipa.

#7

Kwangu hakukuwa na fumbo ila nilichukua muda kuliona. Rome hiyohiyo. Miji yenye kuta za mawe, ukivunja geti au ukilifungua kwa mnara, usipitishe kitu chini ya lile geti kabla hujaliteka, kwa sababu juu yake kuna mafuta ya moto. Walinzi wa jenerali ni farasi, farasi wanakimbia kuliko wote, kwa hiyo ukiamuru jeshi zima liingie, wa kwanza kufika getini ni nani? Jenerali. Nimeshawahi kusogeza kamera karibu nikaangalia: kundi zima linabanana pale chini, farasi hawawezi kugeuka, yale mafuta yanamwagika, na ukihesabu waliotokea upande wa pili hata kikosi cha kubeba bendera hakitoshi.

Sasa ukiwa unaamulia pigano kwa hesabu ya kompyuta bila kulicheza mwenyewe, haya yote huyaoni. Unaletewa jedwali tu: ushindi mkubwa, jenerali amefariki. Unaanza kutafuta mchawi.

Jenerali mpya namweka nyuma ya askari wa miguu mpaka vita iishe, labda kukimbiza waliokwishakata tamaa. Na hata hao waliokata tamaa asiwakimbize kuelekea kwenye mikuki ya wenzao waliosimama.

#8

Crusader Kings III, na hii inauma mpaka leo.

Nilikuwa na kijana mmoja wa kawaida kabisa, hana ardhi, ila kwa vita alikuwa moto. Nikampa umarshali (ukuu wa jeshi) kwenye baraza, nikampa na jeshi. Haukupita muda, kafa. Nikamweka mwingine. Naye kafa. Ukifungua ukurasa wa marehemu, kifo kimeandikwa kuwa cha kutatanisha, na kwenye gemu ile hayo maneno yana maana moja: kuna mtu alipanga. Mtu aliyeanguka kwenye farasi au aliyekufa kwa ndui anaandikiwa hivyohivyo alivyokufa.

Basi nikaanza upelelezi. Nilimuondoa mkuu wa ujasusi aliyekuwepo nikaweka mwenye uwezo mkubwa zaidi na nikamwagiza atafute siri ndani ya ikulu yangu mwenyewe. Hapa wengi hukosea, wanampeleka kwenye ikulu za jirani. Siri ilipotoka, muuaji alikuwa kaka yangu wa baba mmoja. Alikuwa marshali kabla yao! Nilipomvua cheo chuki yake ilipanda, na badala ya kunishughulikia mimi akawashughulikia waliokalia kiti chake. Kwa mtazamo wangu gemu hii ndiyo pekee ambayo vifo vya waliopandishwa cheo vina mantiki ya kibinadamu. Ukimpa mmoja, kuna mwingine umemnyima.

Namna nyingine ambayo wapya hufa humo ni vitani kama wapiganaji bora wa jeshi. Gemu inawachukua yenyewe wenye uwezo wa kupigana, hata mrithi wako ikimpenda. Ingia kwenye orodha, umkataze asiende. Kitufe kipo.

#9

Europa Universalis IV, kwa ufupi: pointi 50 za kijeshi kumwajiri jenerali, mwezi unaofuata anakufa. Hakuna hadithi, hakuna mafuta ya moto, hakuna kaka. Kete tu. Na ukimfanya mfalme mwenyewe kuwa jenerali, hatari ya kumpoteza inaongezeka. Kuna watu wanaitumia hiyo kuwaondoa wafalme mazuzu, ila huyo zuzu ukimtuma afe ndiyo anashinda kila pigano na kuishi miaka themanini.

#10

Wadau wa gemu za Romance of the Three Kingdoms mpo? Kule fumbo linaisha ukijua historia ya China. Majenerali wengi wamewekewa mwaka wa kufa unaofuata ule wa kweli, isipokuwa ukibadilisha mpangilio wa urefu wa maisha kabla ya kuanza. Guo Jia aliyekuwa mshauri wa mbabe wa vita Cao Cao alifariki 207, mwaka mmoja kabla ya vita vya Chibi. Sun Ce alifariki 200. Zhou Yu 210. Mimi nilimpandisha Lü Meng akawa juu ya wote, nikampa majeshi ya mto, akaugua akafa. Nikalalamika sana, hadi nilipokumbuka kwamba hata yule wa kweli aliuteka mkoa wa Jing mwaka 219 kutoka kwa Guan Yu, akamwagiwa vyeo na zawadi, akafa kwa maradhi muda mfupi baadaye. Gemu haikunionea. Ilikuwa inafuata kumbukumbu.

#11

Na historia yenyewe imejaa hayo. Umoja wa Kisovieti uliwapa watu watano cheo kipya cha marshali mwezi Novemba 1935. Tukhachevsky alipigwa risasi Juni 1937, Blyukher alifia mikononi mwa polisi wa siri 1938, Yegorov aliuawa 1939. Watatu kati ya watano, na hakuna hata mmoja aliyeuawa na adui. Ukicheza Hearts of Iron IV kwa upande wa Wasovieti na ukafuata njia ya Stalin, usishangae orodha yako ya makamanda kupungua kabla hata vita haijaanza.

Kuna na Paulus, jenerali wa Ujerumani kule Stalingrad. Hitler alimpandisha kuwa field marshali tarehe 30 Januari 1943 huku wote wakielewa kwamba cheo kile kilikuwa amri ya kujiua. Yeye akajisalimisha kesho yake. Akaishi hadi 1957.

#12

Tusitoke sana nje ya mada wakuu. Mleta mada, naomba kitu kimoja. Tupe majina ya marehemu wote. Na ya waliopona pia.

#13 Mleta mada

Majina? Sawa, ngoja nifungue sevu za zamani.

Waliopona: Robert, Hugh, Edmund, Walter, Edmund mwingine.

Waliokufa: Harold. Harold. Harold.

Aisee.

#14

Nilijua. Mimi huwa nachokonoa modi, na hili nimeshakutana nalo kwenye kazi ya mtu mwingine.

Modi yako inaanza kabla ya 1066, sivyo? Basi aliyeitengeneza alitaka Harold Godwinson, mfalme wa Uingereza, afe kwa wakati wake, kama alivyokufa kwenye pigano la Hastings tarehe 14 Oktoba 1066, ili historia iendelee. Kwenye folda ya kampeni kuna faili la campaign_script.txt, humo kuna amri ya kill_character, na mbele yake jina la mtu. Amri hiyo inaangalia jina. Haijui kama huyu ni mfalme au kapteni aliyepandishwa cheo jana akiwa porini. Kama ukoo huo kwenye modi yenu hauna majina ya pili, Harold yeyote ni Harold.

Lakini hiyo peke yake ingeua mara moja tu. Angalia chini yake. Kila kipande cha aina hiyo kinaanza na monitor_event na kinaishia end_monitor, na ndani yake panatakiwa kuwe na terminate_monitor, mstari unaokizima kikishafanya kazi. Ukikosekana huo, kipande kinabaki macho kampeni nzima. Kila zamu kinauliza: kuna Harold? Makapteni wa kawaida wanapona kwa sababu kwenye gemu hawajawa wahusika kamili. Unapompandisha cheo ndipo anaingia kwenye orodha, na ndipo kinamuona.

Waliozaliwa ndani ya ukoo je? Una mtoto yeyote anaitwa Harold?

#15 Mleta mada

Nilikuwa naye mmoja, alifariki zamu aliyotimiza umri wa utu uzima. Nilidhani ni ajali ya ujana.

Nimefungua faili. Mstari upo, jina ni Harold peke yake, na terminate_monitor haipo. Nimeiongeza. Ila nikipakia sevu ileile bado wanakufa.

#16

Lazima. Skripti (hizo amri za kwenye faili) inahifadhiwa ndani ya sevu tangu siku uliyoanza kampeni, mabadiliko ya faili hayaigusi. Una njia mbili: anza kampeni mpya, au endelea na hii na kila ukiletewa Harold wa kupandishwa cheo, mkatae. Abaki kapteni. Kama kapteni hakuna anayemtafuta.

Na kwenye descr_names.txt unaweza kulitoa hilo jina kwenye orodha ya taifa lako kwa ajili ya kampeni ijayo, ila uwe mwangalifu, kama kuna mhusika wa mwanzo anayelitumia gemu itagoma kufunguka.

#17

Kwa hiyo #2 na nadharia yako ya Papa?

#18

Mimi bado nasimama na Papa. Kwenye gemu isiyo na modi utakuja kuniambia. Mleta mada, ukianza kampeni mpya tuletee orodha ya Edmund nao, maana nina wasiwasi aliyesahau mstari mmoja kasahau na mingine.