Mrejesho: Nani alimchochea Daudi kuhesabu watu?

Wapendwa, niliuliza mbona 2 Samweli 24 inasema Mungu ndiye aliyemchochea Daudi kuhesabu watu, wakati 1 Mambo ya Nyakati 21 inamtaja Shetani. Asanteni sana kwa majibu. Niliyapeleka kwenye kikundi chetu cha Biblia hapa Masasi, tukakaa chini ya mkorosho, Biblia mbili wazi: katekista anasoma mstari wa Samweli, mama mmoja anamjibu kwa wa Nyakati.

Aliyenielekeza Ayubu 1 kanisaidia kuliko wote. Pale Shetani hagusi kitu mpaka aruhusiwe, kwa hiyo tukio moja linaweza kusimuliwa kutoka pande zote mbili. Hapo nimeridhika kabisa.

Bei nayo, ile Daudi aliyolipa kununua mahali pa kujenga madhabahu, mlisema shekeli 50 za fedha za Samweli ni za kiwanja cha kupuria na ng'ombe, na 600 za dhahabu za Nyakati ni za mahali pote. Inawezekana.

Hesabu ndiyo bado inanisumbua. Samweli anatoa Israeli 800,000 na Yuda 500,000. Nyakati inatoa 1,100,000 na 470,000. Kusema Lawi na Benyamini hawakuhesabiwa hakutoshi, maana hiyo ingepunguza, na Israeli imeongezeka! Naipenda Biblia mno kuridhika na jibu la funika kombe mwanaharamu apite.

Na miaka ya njaa, moja ya adhabu alizopewa Daudi achague, ni saba kama Samweli au mitatu kama Nyakati? Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki, ina mitatu hata kwenye Samweli, kwa hiyo huenda tofauti iliingia kwa wanakili. Mwenye maelezo ya zile hesabu za Yoabu, jemadari wa Daudi aliyehesabu watu, aandike, Jumapili tunaendelea nazo.